Ukurasa wa Jamaa: Ziwa la Mama Libaki, Chakula Kiongezwe



Mwezi huu ukurasa wetu unaingia jikoni. Tutasema juu ya mtoto mchanga anayenyonya, na juu ya siku zile anapoanza kuonja chakula chake cha kwanza. Labda wengine watauliza: mchungaji anatafuta nini ndani ya sufuria ya uji? Jibu ni rahisi. Sisi wachungaji ndio tunaoitwa wakati wa kuzika, na masanduku madogo tumeyasindikiza mara nyingi mno. Afazali tuseme mbele, mtoto akingali anacheza.

Sisi tunakaa juu ya inchi yenye shaba na kobalti. Kutoka Kipushi mpaka Likasi, Fungurume na Kolwezi, magari makubwa yanapita usiku na mchana yakibeba mali. Lakini angalieni watoto wetu. Uchunguzi mkubwa uliofanywa katika Kongo yote mwaka 2013 na 2014 ulionyesha kwamba watoto 43 kwa 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa, maana yake ni wafupi kuliko miaka yao. Kudumaa si ufupi tu. Mtoto aliyedumaa anashikwa na magonjwa upesi, na shuleni masomo yanamlemea. Na waganga wanatuonyesha kwamba uharibifu huu unaingia zaidi kati ya mwezi wa 6 na mwaka wa 2. Ni wakati ule ule ambapo mtoto anatoka kwa ziwa peke yake na kuingia kwa chakula cha jamaa.

Basi neno letu la mwezi huu ni fupi: chakula kinakuja kukaa kando ya ziwa la mama, hakiji kulifukuza. Kisifike mbele ya saa yake, kisichelewe, na kisiwe maji matupu.

1. Mbele ya miezi 6: ziwa peke yake

Mtoto aliyezaliwa leo anahitaji ziwa la mama tu mpaka atimize miezi 6. Hahitaji maji, wala uji mwepesi, wala chai, wala maji ya sukari, wala dawa za majani za kusafisha tumbo. Dawa ambazo muganga ameandika, hizo apewe.

Najua mnachosikia nyumbani. Bibi-mkubwa anasema: «Mupatie maji, jua ni kali, mutoto iko na kiu.» Lakini maziwa ya mama, sehemu zaidi ya 80 kwa 100 ni maji. Hata katika mwezi wa kumi, wakati joto linatuchoma mbele ya mvua kufika, mtoto anayenyonya vizuri anapata maji yake yote pale. Maji unayomwongezea yanajaza tumbo lake dogo, ananyonya kidogo, na maziwa yanapunguka. Tena yale maji yanaweza kuleta kuhara. Sisi tunaokaa katika miji ambamo kipindupindu kinarudi mara kwa mara tunajua maji machafu yanafanya nini.

Mama mwingine anasema: «Analia saa yote, maziba yangu haitoshe.» Mama, mtoto analia kwa sababu nyingi: baridi, kitambaa kilicholowa, usingizi, kutaka kubebwa. Ukitaka kujua kama maziwa yanatosha, angalia mambo mawili. Je, anakojoa mara nyingi mchana na usiku? Je, kilo zake zinapanda kila unapompeleka kupimwa? Kama ni ndiyo, maziwa yanatosha. Na kama unaona yamepunguka, dawa ya kwanza ni kunyonyesha mara nyingi zaidi, hata usiku. Ziwa linalonyonywa ndilo linalotoa maziwa.

Wazazi wengine wanatuuliza: «Zamani waganga walitufundisha miezi 4. Sasa mnasema miezi 6. Tumwamini nani?» Ni ulizo zuri. Ni kweli, zamani Shirika la Afya Duniani (OMS) lilisema kati ya miezi 4 na 6. Lakini mwaka 2001, kisha kuchunguza habari za watoto katika inchi nyingi, lilisema miezi 6 kamili, kwa maana watoto waliongojea mpaka pale walihara kidogo kuliko wengine. Bibi zetu hawakudanganya, walifuata walichofundishwa. Sasa tumefundishwa vizuri zaidi, basi tufuate.

2. Miezi 6 imetimia: usichelewe

Kuna pia kosa la upande wa pili. Mama mmoja anaona mtoto wake ni mnene, ananyonya vizuri, anasema: «Tungojee mwaka mumoja.» Hapana. Mtoto anapozaliwa amebeba akiba ya madini ya chuma katika mwili wake, kama vile msafiri anavyobeba chakula cha njia. Kufika mwezi wa 6 akiba ile inakaribia kwisha, na maziwa ya mama yana chuma kidogo tu. Bila chuma damu inapunguka. Tena mwili wake umekuwa mkubwa, anataka kukaa, kutambaa, kushika kila kitu. Maziwa peke yake hayatoshi tena.

Mwili wenyewe unatoa alama. Mtoto anashika kichwa chake sawasawa. Anakaa akisaidiwa kidogo. Anapeleka vitu kinywani. Ukimwekea chakula kidogo mdomoni, hakisukumi nje kwa ulimi kama zamani. Lakini kumwangalia baba anapokula bukari si alama ya kutosha. Mtoto wa miezi 3 anaangalia kila kitu, hata taa na kuku.

3. Siku za kwanza

Anza polepole. Chagua saa ambayo mtoto hana usingizi wala hasira. Mnyonyeshe kidogo kwanza, kisha umpe vijiko 2 au 3 vya uji mzito au vya papai lililopondwa. Akitema, usikasirike; hajui bado namna ya kumeza. Kesho mpe tena. Watoto wengine wanakataa chakula kimoja mara nyingi mbele ya kukipenda. Haba na haba hujaza kibaba.

Usimlazimishe kwa kumfunga pua au kumlaza na kumwaga uji kooni. Mama wengine walizoea kufanya vile, lakini ni hatari: uji unaweza kuingia katika njia ya pumzi, na mtoto anaweza kufa mikononi mwako. Mkalishe, mwangalie machoni, sema naye, ngojea afungue kinywa. Kulisha mtoto ni mazungumzo ya upendo.

Tumia kikombe na kijiko, si chupa yenye chuchu ya mpira. Ile chupa ni ngumu kusafisha, na uchafu unaobaki ndani ni chakula cha vijidudu. Tena mtoto aliyezoea chupa mara nyingine anakataa ziwa.

4. Uji unaojaza tumbo, na uji unaokuza mtoto

Hapa ndipo jamaa nyingi zinaanguka, hata zile zenye feza.

Wazee wetu wa kambi wanakumbuka wakati kampuni ilipogawia wafanyakazi unga kila mwezi. Kwa sababu hiyo sisi watu wa miji ya machimbo tumekuwa watu wa bukari. Bukari ni nzuri, hatuizarau. Lakini mama anapotwaa ule unga wa mahindi, au wa mihogo, akauweka katika maji mengi na sukari kidogo, anapata uji mweupe, mwepesi, unaomiminika kama maji. Mtoto anakunywa, tumbo linakaza, analala. Mama anafurahi. Kumbe mtoto ameshiba maji.

Fikirini: tumbo la mtoto wa kilo 8 linapokea kama kikombe kimoja tu, karibu robo ya lita. Kama kikombe kile kimejaa maji, chakula kitakaa wapi? Kwa hiyo shika kanuni hii: inua kijiko. Uji unaokaa juu ya kijiko ni chakula. Uji unaoteleza na kuanguka upesi ni kinywaji.

Tena uji wa mahindi au mihogo peke yake unatia nguvu, lakini haujengi mwili. Ni kama kujenga nyumba kwa mchanga bila simenti. Zaidi ya yote mihogo: ina chakula cha kujenga mwili kidogo sana. Kila sufuria ya mtoto iwe na vitu vinne:

– Cha kutia nguvu: unga wa mahindi, mtama, mchele, viazi, ndizi ya kupika.

– Cha kujenga mwili: karanga zilizotwangwa, soja, maharagi yaliyopondwa na kutolewa maganda, yai, nyama, maini, samaki. Si lazima samaki mkubwa. Ndakala au kapenta kavu, sambaza kwa ndugu zetu wa Kivu, vinkubala vikavu: vyote vikioshwa, vikakaushwa na kutwangwa vizuri katika kinu, vinakuwa unga. Kijiko kimoja cha unga ule ndani ya uji ni mali kubwa.

– Cha kulinda mwili: lengalenga, matembele, sombe iliyotwangwa na kupikwa sana, karoti, papai, embe, avoka.

– Mafuta: kijiko kidogo kimoja. Mafuta mekundu ya mawese ni mazuri, kwa maana rangi yake ile inampa mtoto vitamini A, inayolinda macho na kusaidia mwili kupigana na magonjwa.

Huu ni mfano wa uji wa kikombe kimoja. Twaa vijiko 3 vya supu vya unga wa mahindi, kijiko 1 cha soja au cha karanga, na kijiko kidogo 1 cha unga wa ndakala. Koroga kwanza katika maji baridi kidogo, mimina katika maji yanayochemka, pika kwa dakika 15 au 20 ukikoroga. Mwisho weka kijiko kidogo cha mafuta. Soja inafaa ikaangwe au ichemshwe vizuri mbele ya kusagwa. Soja mbichi inasumbua tumbo. Karanga zenye ukungu au uchungu zitupwe. Zina sumu inayoharibu maini. Rwanda na Kivu watu wanajua unga wa Sosoma. Jina lenyewe linatoka kwa sorgho, soja na maïs: akili ile ile ya kuchanganya.

Mama mmoja aliniuliza kisha ibada: «Pasta, ile yote ni makuta. Siye tutaipata wapi?» Mama huyu alisema neno la kweli, maisha ni magumu. Lakini tuhesabu pamoja. Biskuti, bonbon na soda ambavyo watoto wananunuliwa katika juma moja, bei yao ingenunua karanga na ndakala za mtoto mdogo. Na lengalenga haiombi shamba kubwa. Inaota hata kando ya nyumba, pale maji ya kunawia yanamwagika. Jamaa inayofuga kuku 2 au 3 ina mayai.

Juu ya mayai, wengine wanasema mtoto akila yai atakuwa mwizi. Mwizi hafanywi na yai. Mpe mtoto yai lililochemshwa mpaka limekaza.

5. Kiasi gani, na mara ngapi?

Kateni sehemu hii muibandike ukutani.

Miezi 6 mpaka 8: mara 2 au 3 kwa siku. Anza na vijiko 2 au 3, ongeza polepole mpaka nusu ya kikombe. Chakula kipondwe kiwe laini.

Miezi 9 mpaka 11: mara 3 au 4 kwa siku, nusu ya kikombe kila mara. Chakula kikatwe vipande vidogo sana. Anaweza kushika kwa vidole vyake. Katikati, mpe kipande cha ndizi au cha avoka.

Mwaka 1 mpaka 2: mara 3 au 4 kwa siku, kikombe kizima au karibu yake, pamoja na kitu kidogo mara 1 au 2 katikati. Sasa anakula chakula cha jamaa, lakini bila pilipili.

Na siku hizi zote, ziwa linaendelea, mchana na usiku, mpaka miaka 2 au kupita pale.

Mpe mtoto sahani yake mwenyewe. Katika nyumba yenye watoto 6 wanaokula sahani moja, mdogo anashindwa. Wakubwa wana mkono wa haraka. Yeye anabaki na kulamba vidole. Sahani yake ndogo itakuonyesha amekula kiasi gani.

Vitu vya kukataza: asali mbele ya mwaka 1, kwa sababu inaweza kubeba sumu kali kwa mtoto mchanga; chai na kahawa, ambazo zinazuia chuma kuingia katika damu; soda; karanga nzima, ambazo zinaweza kumkaba; na pombe ya namna yoyote, hata kuonja kwa mchezo. Tena usimtafunie chakula kinywani mwako na kumpa. Ponda kwa kijiko au kinu safi.

6. Mikono, maji, na vumbi la machimbo

Mtoto anapoanza kula, kuhara kunaongezeka, kwa maana uchafu umepata mlango. Basi nawa mikono kwa sabuni mbele ya kupika, mbele ya kulisha, na kisha kutoka msalani. Mnawishe mtoto pia. Maji ya kunywa yachemshwe. Uji upikwe na kuliwa papo hapo; uji wa asubuhi uliokaa kwenye joto mpaka jioni si chakula tena.

Na sisi tuna jambo letu la pekee: vumbi. Mwaka 2018 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza uchunguzi wao juu ya mtaa wa Kasulo, katika Kolwezi, ambako watu walichimba kobalti katikati ya nyumba zao. Walikuta kobalti nyingi katika mkojo wa wakaaji, na zaidi kwa watoto. Mtoto anatambaa chini, anatia mkono kinywani, anakula vumbi lile. Kwa hiyo baba anayerudi kutoka shimoni avue nguo za kazi nje, anawe, kisha ambebe mtoto. Mifuko ya mawe isiwekwe pale mtoto anapolala au anapokula. Chakula kifunikwe. Mtoto awekwe juu ya mkeka safi, si juu ya udongo.

7. Mama anapotoka kutafuta

Mambo ya jamaa zetu yamebadilika. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10 000 wa Gécamines waliacha kazi katika ule mpango ulioitwa «départs volontaires», na katika nyumba nyingi mama ndiye alianza kutoka asubuhi: sokoni, shambani, kuuza makala, hata mtoni kusafisha mawe. Mtoto anaachwa na dada yake wa miaka 8, pamoja na chupa ya uji mwepesi. Ndiyo hali ya watu wengi. Hatuji kumhukumu mama anayetafutia watoto wake bukari. Tunataka kumsaidia.

Mama, kama mtoto hajafika miezi 6, kamua maziwa yako kwa mikono iliyonawa, uyatie katika kikombe safi chenye kifuniko, uyaache pahali penye baridi. Yanaweza kukaa masaa 4. Yule anayebaki ampe kwa kikombe kidogo. Nyonyesha mbele ya kutoka, mara tu unaporudi, na usiku wote. Kama amepita miezi 6, acha unga ukiwa umechanganywa tayari, na umfundishe anayebaki namna ya kupika na kunawa. Lakini awe mtu mzima: bibi, shangazi, jirani wa kanisa. Msichana wa miaka 8 yuko na haki ya kwenda shuleni, na moto si mchezo wake. Na kule mtoni pa kusafishia mawe, usimpeleke mtoto, kwa sababu ya lile vumbi na yale maji. Mama wa kanisa wangeweza kupangana zamu: leo huyu anabaki na watoto 4, kesho yule. Hii ndiyo kazi ya chama cha akina mama, si nyimbo tu.

8. Ziwa lisikatwe kwa ghafula

Mwaka 1935 daktari mmoja mwanamke, Cicely Williams, aliyefanya kazi katika inchi inayoitwa leo Ghana, aliandika juu ya ugonjwa wa watoto wenye miguu iliyovimba na nywele zilizobadilika rangi. Aliuita kwa jina la wenyeji wa kule: kwashiorkor. Maana yake ni ugonjwa wa mtoto ambaye mdogo wake amezaliwa. Ona akili ya wazee wale! Waliona kwamba mtoto anaondolewa kwa ziwa juu mwingine amekuja, anapewa uji mtupu, na anaanza kuharibika. Huku kwetu wengi wanauita bwaki, na wengine wanafikiri ni uchawi wa jirani. Hapana, ndugu. Ni njaa iliyojificha nyuma ya tumbo lililovimba.

Ukiona miguu imevimba, nywele zinakuwa nyekundu na kung'oka, ngozi inabambuka, mtoto hachezi tena na hataki kula, usipite kwa mfumu, wala usingojee siku ya maombi. Kimbia kwenye kituo cha afya leo. Maombi tutafanya njiani.

Kwa hiyo usikate ziwa kwa siku moja, usipake pilipili, usimpeleke mtoto kwa bibi yake mbali ili asahau. Na ukibeba mimba nyingine, maziwa yako hayageuki sumu. Uliza muganga, maana wamama wengi wanaweza kuendelea kunyonyesha huku wakila vizuri zaidi. Afazali lakini kutenganisha uzazi. Jueni hili: mtoto anapoanza kula na kupita miezi 6, kunyonyesha hakuzuii tena mimba kwa uhakika. Ndiyo saa ya bibi na bwana kwenda pamoja kwa muganga na kuuliza.

Mama anayeishi na virusi vya sida, nawe usikate ziwa kwa hofu. Kunywa dawa zako kila siku, fuata neno la muganga wako. Kwa dawa hizo akina mama wengi wananyonyesha watoto na watoto wanabaki wazima.

Mtoto akiugua, aendelee kunyonya, hata mara nyingi zaidi, na apewe chakula kidogo kidogo. Akipona, mwongezee mlo mmoja kila siku kwa majuma 2, ili arudishe kilo alizopoteza. Na kila mwezi mpeleke kupimwa. Karatasi yake ya kilo ni kama kioo: mstari ukilala, kuna neno, hata kama mtoto anacheka.

9. Baba, nawe usikie

Wanaume wengi wanageuza ukurasa huu wakisema: «Mambo ya uji ni mambo ya bamama.» Ngojeni kidogo. Katika kitabu cha kwanza cha Samueli tunasoma kwamba Hana hakutaka kupanda kwenda Shilo mpaka atakapomwachisha mtoto Samueli. Mume wake Elkana alikuwa mtu wa kushika ibada, safari ile ilikuwa ya kila mwaka. Lakini hakumlazimisha. Alimruhusu abaki nyumbani na mtoto. Naye Ibrahimu, siku Isaka alipoachishwa, alifanya karamu kubwa. Wanaume hawa walijua kwamba kunyonya na kuachishwa ni jambo la nyumba nzima.

Basi wewe uliyepata feza ya mawe jana, swali ni hili: mbele ya kupita pale wanapouza lutuku, je, karanga za mtoto zimenunuliwa? Mama anayenyonyesha, je, amekula mwenyewe leo? Au nyama ilikwenda yote katika sahani ya baba, na mama na mtoto wakabaki na mchuzi? Usiku mtoto anapolia, je, unaweza kuchota maji na kumpa mama anywe? Kazi hizi hazipunguzi heshima ya mwanaume.

Na nyinyi vijana, msiseme haiwahusu. Nyumbani kuna mdogo wenu anayetambaa. Twangeni ndakala, panda lengalenga, mnawishe mikono. Mtakuwa mmejifunza mbele ya kuoa au kuolewa.

Wapendwa, kampuni zinakuja na kuondoka, bei ya shaba inapanda na kushuka, na hatuna nguvu juu yake. Lakini kijiko kile ambacho uji haumwagiki, kiko mikononi mwetu. Mwezi huu kila nyumba ifanye jambo moja: inua kijiko, angalia uji wa mtoto wako, na uongeze kilichokosekana. Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutasema juu ya mtoto anayekataa kula. Tuandikieni maulizo yenu, mwape na akina mama wasiojua kusoma habari hizi kwa mdomo.

Mbaki na amani.